Sauti ya Pili

1

"Dada, chumba chako kina watu wawili," fundi akasema.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nilichomletea.

"Labda panya," nikamjibu. "Mimi nimo humo peke yangu, mwaka wa tisa sasa."

Hakucheka. Fundi huyu, Atuganile, alikuwa ametumwa na ushirika kuhamisha kompyuta za nyumba kutoka zile za zamani kwenda mpya, nyumba baada ya nyumba, kuanzia Tukuyu mjini mpaka huku kwetu mlimani. Alikwisha kufungua ubavu wa kihenge chetu. Ndivyo tunavyoiita kompyuta ya nyumba, kihenge, kama ghala la nafaka, kwa kuwa kila nyumba ina kimoja na kila mtu hutia chake humo, hata mgeni aliyekuja kukaa wiki mbili. Ndani yake kila mmoja ana chumba, na kila chumba humzoea mwenyewe. Changu kilijua kwamba nachora asubuhi, kwamba sipendi kuharakishwa, kwamba nikinyamaza mbele ya mchoro wa gauni nisiulizwe kitu. Mafundi huyaita hayo mazoea. Michoro unaweza kuinakili ukaenda nayo popote, lakini mazoea hujengeka polepole, na kwa mtu kama mimi, anayechora ramani za mishono na kuzituma Mbeya zikakatwe, mazoea ni nusu ya mkono.

"Hebu tazama mwenyewe," Atuganile akasema, akinionyesha mistari miwili kwenye kioo. "Hii ni sauti ya kwanza, wewe. Hii hapa ni sauti ya pili. Inakuja saa tisa alasiri, kila siku isipokuwa Jumapili. Inakaa saa moja, wakati mwingine saa moja na nusu. Ni ya mwanamume mtu mzima, na imo humu miaka sita."

Chai ikanimwagikia kidoleni. Nyumbani kwetu mwanamume wa saa tisa alasiri ni mmoja tu.

Lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu ataniona mwendawazimu. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na mwiko kati ya mkamwana na baba mkwe wake. Hamtazamani, hamsemezani, njiani hampishani, na jina lake hulitamki. Wengi siku hizi wameuweka kando, wanakula meza moja na wakwe zao na kutaniana juu ya mpira. Ukoo wa mume wangu haujauweka kando. Nilipoolewa, wifi yangu alinikalisha jikoni akanieleza yote, nami nikakubali haraka. Nilimpenda kaka yake, na sikuona hasara yoyote katika kutomwona mzee ambaye hata hivyo simjui.

Basi tukaishi hivyo. Asubuhi sebule ni yangu, na kihenge ni changu. Ikifika saa tisa mzee hukohoa mara tatu chumbani kwake, nami naokota jembe langu na kutoka kwa mlango wa nyuma. Kikohozi kile nakijua kuliko wimbo wa taifa. Nikirudi saa kumi na nusu nakuta kiti chake kimesukumwa chini ya meza vizuri, kama ofisini. Chakula nakiweka mezani, nakifunika kawa, nagonga meza, najiondokea. Miaka tisa chini ya paa moja, na ukiniuliza kama ana mwanya siwezi kukujibu.

"Ulipofungua chumba hiki," Atuganile akauliza, "ulitaja majina ya watu wote wa nyumba?"

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, kitenge changu bado kina harufu ya dukani. Kihenge kikaniambia: *Taja kwa sauti jina la kila mtu mwingine wa nyumba hii, nimfungie mlango.* Nikamtaja Lusekelo, mume wangu. Nikamtaja mama mkwe, Mungu amrehemu, kwa heshima zake zote. Nikamtaja wifi. Kihenge kikauliza: *Wamekwisha?* Nami nikaangalia huku na huku, nikajibu kwamba wamekwisha.

Atuganile alijishika kichwa. Yeye ni wa Kyela, Mnyakyusa mwenzetu, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Vihenge vya zamani vilifundishwa hivi, dada. Sauti yoyote ya nyumbani ambayo haikutajwa huhesabiwa ni ya mwenye chumba. Waliovitengeneza waliogopa mtu akipata mafua asije akafungiwa nje ya chumba chake mwenyewe. Mzee alipokuja akatamka neno, kihenge kikaona ni wewe una mafua."

"Mafua ya miaka sita?"

"Kompyuta haishangai," akasema.

2

Nilifikiri atazitenganisha sauti hizo kwa kubonyeza mahali, yaishe, anywe chai yake. Akatikisa kichwa.

"Kompyuta mpya haipokei chumba chenye sauti mbili. Sheria imebadilika, chumba kimoja mtu mmoja. Na mtu huyo akifa chumba chake kinafutwa siku ya arobaini, maana watu walikuwa wanaingia kwenye vyumba vya marehemu na kutia sahihi za mashamba."

"Sawa. Mpe chake, nipe changu."

"Michoro yako nitakutolea yote, haitapotea hata mmoja. Tatizo ni mazoea. Ukishachanganya unga wa mahindi na wa ulezi ukasonga ugali, nani atakutolea ulezi? Chumba hiki kimekua na watu wawili. Kitabaki kwa mmoja, mwingine ataanza na kitupu."

"Kwa nani?"

"Jina mlangoni ni lako. Unasema tu 'ni changu', kwa sauti, mbele yangu. Mimi kesho saa sita mchana naondoka na hiki cha zamani."

Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nisijifanye malaika, nilikitaka chumba changu, na nilikitaka kwa wivu, kama mtu aliyekuta mgeni kavaa viatu vyake. Lakini nilitaka kujua kwanza yule mgeni ameacha nini ndani.

"Ana nini humo?"

"Faili hana hata moja. Ana maneno tu. Unaweza kuyasikiliza yote, mwenye chumba ana haki." Kidole chake kilikuwa kimeelekea kwenye kioo.

"Acha!" nikasema, kwa sauti iliyomfanya aruke. Kama kukutana na mkwe njiani ni aibu, basi kumsikiliza akisema na nafsi yake miaka sita ni kitu ambacho wazee hawakukipatia hata jina. "Usifungue neno lake hata moja."

"Basi nikusomee orodha ya vikumbusho, angalau ujue unachoamua. Hivyo si maneno yake, ni kazi za chumba."

Nikakubali. Akasoma kama anavyosoma mtu aliyekwisha kusoma orodha mia za namna hiyo. Dawa ya macho, saa kumi kamili. Niliijua habari ya macho. Wifi aliniambia la kushoto limekwisha na la kulia linaona mwanga tu. Kumsomea Zaburi moja, polepole, na kusimama akisema simama. Kumweleza kama kesho kuna mvua. Kuelewa Kinyakyusa kilichochanganywa na Kiswahili na kutokikosoa. Kukumbusha siku ya ndoa yake, tarehe nne Oktoba.

"Halafu kuna hii," akasema. "Tarehe kumi na nne Juni. Lugano. Sauti ya kwanza hukumbushwa siku yenyewe. Sauti ya pili imeomba ikumbushwe siku moja kabla. Lugano ni nani?"

Nikakaa chini, sakafuni, na kikombe cha fundi bado mkononi.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilibeba mimba, ikafika mwezi wa sita, ikatoka. Lusekelo alikuwa safarini Malawi. Wanawake wa ukoo walinifanyia yote yanayofanywa, wakaniambia nisilie sana. Mume wangu alinipigia simu akasema Mungu atatupa mwingine. Mungu hakutupa mwingine. Na mtoto ambaye hakuwahi kulia hapewi jina kwetu, na hata akipewa, anayetoa jina ni babu yake mzaa baba, si mama mtu aliyelala kitandani na hasira zake. Mimi nilimpa. Niliingia mahali pekee ndani ya nyumba ile penye mlango unaofungwa, nikakiambia chumba changu kwamba anaitwa Lugano. Tangu hapo, kila tarehe kumi na nne Juni asubuhi, chumba huandika jina lile juu ya ukurasa mtupu, hakinipi kazi, kinanyamaza nami. Nilidhani katika dunia nzima linajulikana na watu wawili, mimi na kompyuta.

Kumbe mzee alijua. Tena aliomba akumbushwe siku moja kabla. Nikajiuliza siku moja kabla ya nini, na jibu likaja lenyewe nikiwa pale sakafuni. Kila mwaka katikati ya Juni baba mkwe wangu huamka alfajiri, hukohoa mara tatu, huchukua fimbo yake na kwenda kijiji cha Masoko kumsalimia mzee mwenzake, kutwa nzima, na yale macho yake. Siku hiyo nyumba huwa yangu kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, nami hulia kwa sauti kubwa kadiri ninavyotaka. Siku zote nilifikiri anampenda sana rafiki yake.

Nililia mbele ya fundi wa watu, mgeni kabisa. Akazima kioo, akanipokea kikombe, akanywa chai iliyokuwa imekwisha kupoa, akasema atarudi kesho asubuhi.

3

Nilimpigia Lusekelo. Alikuwa foleni ya Kasumulu, mpakani. Malori siku hizi hujiendesha yenyewe. Sheria inataka tu awepo ndani mtu wa kulaumiwa likigonga, na mtu huyo ni mume wangu.

"Sema ni chako, yaishe," akaniambia. "Mzee atapata kipya, kizuri kuliko hicho."

"Haoni, Lusekelo. Hiki cha zamani kinamjua. Kipya kitamuuliza kila kitu upya, kwa Kiswahili cha haraka haraka cha Dar es Salaam."

"Basi mwachie."

"Ndani yake kuna vitu vyangu."

"Vitu gani? Si michoro unaitoa?"

Nyuma yake nilisikia wauza karanga wa mpakani wakiita wateja.

"Unataka nimwambie nini mzee?" akauliza. Alikuwa na nia njema, siku zote anayo. Lakini ili amweleze baba yake ilibidi kwanza nimweleze yeye, na jambo ambalo umelificha miaka saba hulielezi kwenye foleni ya lori.

"Usimwambie kitu. Ukirudi Jumamosi nina neno na wewe, neno zito. Usiogope."

"Ukisema nisiogope ndiyo naogopa," akasema, na nikampenda.

Nikabaki na hesabu zangu za kichwani. Nikisema ni changu, mzee wa miaka sabini na tisa anaingizwa kwenye chumba kitupu na jicho lake moja la mwanga tu, na hatajua kwa nini kitu kilichomjua jana leo hakimjui. Nikimwachia, Lugano anakwenda naye. Siku mzee atakapoondoka duniani, chumba kitafutwa siku ya arobaini, na mtoto wangu atafutwa nacho, mara ya pili. Yote mawili nilikuwa na mamlaka nayo, kwa sababu tu jina la mlangoni ni langu. Ningeweza kuamua peke yangu na asingejua kamwe. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mtu aliyenipisha nyumba nzima nilie, mimi nimwamulie gizani?

Ilinipasa nimwambie, na mkamwana hamwambii baba mkwe.

Saa nane na nusu nikakaa mbele ya kihenge, na wazo likaja, wazo la mtu aliyebanwa. Kwa hesabu ya kihenge, anayekuja saa tisa ni mimi. Nikasema:

"Saa tisa leo, nikikaa hapa, nisomee ujumbe huu."

*Sema ujumbe.*

"Shikamoo, baba."

*Unajiamkia?* kihenge kikauliza.

"Andika tu."

Kama wazee wa ukoo wangeniita na kunihoji, nilikuwa na utetezi wangu tayari. Mwiko unakataza kumsemesha mkwe. Kujisemesha mwenyewe haujakataza, na mashahidi ninao, kihenge chenyewe kitaapa kwamba nilikuwa najisemesha mwenyewe.

"Chumba hiki tumekitumia wawili," nikaendelea, "kwa kosa langu, kwa sababu siku ya kwanza sikuweza kukutaja. Sijasikiliza maneno yako, fundi nimemkataza. Kesho kinatakiwa kibaki kwa mmoja. Nimeona kibaki kwako, kwa ajili ya macho. Mimi nina mikono na ninaona, nitakifundisha kingine. Lakini ndani yake kuna jina ambalo sikuwa na haki ya kulitoa. Ilikuwa haki yako, nami nilikuibia. Nisamehe, baba. Naomba usilifute."

Nilisimama mara mbili katikati. Kihenge hakikuuliza kitu, kilisubiri.

Saa tisa nilisikia kikohozi, kimoja, cha pili, cha tatu. Nikachukua jembe nikaenda kwenye maharage.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Juu kwenye mashamba ya chai mashine za kuvunia zilikuwa zinanguruma, na kwa vile dirisha la sebule lilikuwa wazi nilisikia mnong'ono wa kihenge, bila maneno. Ukanyamaza. Nikapalilia mstari mmoja, nikarudi nikaupalilia tena uleule, nikang'oa na maharage mawili yasiyo na hatia. Saa kumi ya dawa ya macho ikapita. Saa kumi na nusu ikapita. Kwa miaka yote ile hajawahi kuchelewa kunipisha. Nilipoingia hatimaye ilikuwa karibu saa kumi na mbili, na kiti chake kilikuwa kimeachwa katikati ya sebule, hakikusukumwa.

4

Asubuhi sikuchora. Nilikaa tu.

*Una ujumbe uliojiachia jana saa kumi na moja kasoro robo,* kihenge kikasema. *Una maneno ya Kinyakyusa. Nisome kama yalivyo?*

"Kama yalivyo."

Kikasoma kwa sauti yake ileile ya kila siku, nami nikamsikia mtu mwingine kabisa.

*Marahaba, mwanangu. Mimi nilijua. Mwaka aliofariki mama yenu, Juni, kihenge kiliniambia leo ni siku ya Lugano, mwanao. Nikasema sina mwana wa jina hilo. Kikasema, ulinipa jina hili mwenyewe, ulikuwa unalia. Nikafahamu nimeingia chumba cha mtu, na nikafahamu cha nani. Ilinipasa nitoke. Sikutoka. Mama yenu alikuwa na miezi miwili kaburini, na hiki kilikuwa kitu pekee nyumbani kinachojua kunyamaza na mtu. Watoto wangu wanaongea sana. Nilijiuliza kimefundishwa na nani kunyamaza vile, na sasa naona kilifundishwa na wewe. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ulinizikia mke wangu vizuri bila kujua.*

*Na kile kinachokuuliza saa nne kama umekula, hukisikia nikiwa chumbani kwangu, nadhani hicho kimetoka kwangu. Mama yenu aliniuliza hivyo miaka arobaini na moja. Alipoondoka nilikiambia kihenge kiendelee.*

Nikakiambia kihenge kisimame. Ni kweli. Kuanzia mwaka wa nne chumba changu kilianza kuniuliza saa nne asubuhi, *umekula?* na mimi mkaidi nilikuwa najibu "niache," kisha naenda jikoni kutafuta kiazi. Nilidhani ni jambo wanalolitia kiwandani. Miaka sita nimelishwa na mama mkwe marehemu kwa mdomo wa mume wake, na sikujua nimshukuru nani.

"Endelea," nikasema.

*Chumba kibaki kwako. Mimi ni mtu wa leo na kesho, na sheria yao itanifuta na kila nilichonacho. Mtoto asifutwe kwa ajili yangu. Hukuniibia jina. Nilipolisikia nililipima kwa siku nyingi, nikatafuta jingine la kushinda hilo, sikulipata. Mimi nitaanza na kitupu. Kesho saa nne nitakuja hapo, na sitakohoa. Usitoke. Mwiko huu ni mimi ninayeweza kuufungua, na wifi yako nitamweleza mwenyewe. Ukiona haya, geukia dirishani.*

5

Atuganile alifika saa tatu na nusu na kompyuta mpya begani, nyembamba, inang'aa. Akaiweka juu ya meza iliyo chini ya dirisha, akaziunganisha. Nikamweleza tulivyopatana, naye akasema katika nyumba zote alizopita hajawahi kukuta watu wawili wanagombania kutoa.

"Sema basi, dada."

"Ni changu," nikasema, na neno hilo lilikuwa zito kuliko nilivyolidhania jana yake. Nilikuwa nimelipokea kwa mtu.

Akakihamishia kwenye kompyuta mpya, kisha akafungua humo chumba kingine, kitupu, akakiacha kinasubiri, akatoka kupeleka cha zamani kwenye gari. Hapo ndipo niliposikia fimbo ikigusa sakafu ya ukumbi. Miguu yangu, kwa mazoea ya miaka tisa, ikanyanyuka yenyewe kuelekea mlango wa nyuma. Nikaikalisha kwa nguvu. Nikageukia dirishani, mikono juu ya vibonye vya kompyuta, na mgongo kwa mtu ambaye sijawahi kuwa naye chumba kimoja.

Kiti kililalamika karibu na mlango. Akapumua. Alinukia sabuni ya kufulia, ile ninayomnunulia mimi.

*Karibusanasemajinalakokamililamwenyechumba,* kompyuta mpya ikasema, au ndivyo nilivyoisikia.

Mzee hakujibu. Ikarudia vilevile. Nilimsikia akisogeza fimbo kutoka mkono huu kwenda huu, kama mtu aliyepotea kituoni, na nikaona uchungu. Huyu ndiye aliyesema ataanza na kitupu, kana kwamba ni jambo dogo. Bila kugeuka nikabonyeza, nikatafuta mahali pa mwendo wa sauti, nikaushusha, nikaushusha tena, mpaka ikaanza kuzungumza kwa adabu. Kisha nikaiandikia kwamba mwenye chumba huchanganya lugha na asikosolewe.

*Sema jina lako kamili.*

Akalisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake. Mimi silirudii hapa. Alinifungulia kukaa naye, kulitamka jina lake hakunifungulia, na sikutaka kujichukulia zaidi.

*Una watoto wangapi?*

"Wawili. Tusekile na Lusekelo."

*Una wajukuu wangapi?*

"Wanne."

Vidole vyangu vikasimama. Wajukuu wake nawajua wote, nimewashonea sare za shule. Ni wa wifi na ni watatu.

*Wataje, kuanzia mkubwa.*

"Ipyana," akasema. "Bupe. Lugano. Halafu Tumpe, yule mdogo."

Alikuwa amempangia mahali pake hasa, baada ya Bupe aliyezaliwa mwaka mmoja kabla, na mbele ya Tumpe ambaye siku hizi anakaribia kumaliza darasa la kwanza. Mimi mwenyewe, mama mtu, sikuwahi kumhesabu katika mstari wa watoto wengine. Nilikuwa nimemweka peke yake, ndani, na mlango nimefunga. Maharage na ukungu nje ya dirisha vikachanganyika nisione kitu.

*Lugano anakaa hapa nyumbani?*

"Ana chumba chake tayari," mzee akasema. "Yuko kwa mama yake."

Kompyuta ikasema: *Nasikia kuna mtu mwingine karibu nawe. Ni nani?*

Hakuharakisha. Katika nyumba ile, tangu nifike, nimekuwa mke wa Lusekelo, nimekuwa mkamwana, nimekuwa wifi na mke wa mjomba. Nikangoja kusikia ni lipi kati ya hayo.

"Mama Lugano," akasema.

"Abee, baba," nikaitika, nikageuka.